Chuo Katikati ya Masufuria ya Matanga

Nilipostaafu nilirudi nyumbani na vitu vitatu: magoti mabovu, seti ya visu niliyozawadiwa hotelini, na imani kwamba mtaa wetu ulikuwa umekaa miaka yote hiyo ukinisubiri mimi nije niufundishe kupika. Hicho cha tatu ndicho kilichonitia taabuni.

Mtaa wenyewe uko nyuma ya Kona ya Musa. Unaiacha lami, unawapita wauza mitumba na fundi wa pikipiki, kisha unafuata njia ya mchanga mpaka nyumba zianze kusogeleana. Hoteli za Diani zi karibu nasi kiasi kwamba mwaka mpya ukiingia fataki zao huwatia kuku wetu wazimu. Lakini vijana wetu walizijua kwa nje tu. Aliyebahatika aliuza madafu kando ya ukuta. Asiyebahatika alikaa juu ya pikipiki ya mwenziwe akitazama simu. Kila mwenye kazi ndani ya geti alikuwa na cheti, na cheti kilipatikana Mombasa kwa karo ambayo mzazi wa hapa kwetu akiisikia hutafuta pa kuketi.

Basi nikasema nitafungua chuo. Nilisema hivyo barazani, mbele ya watu, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu ukishasema jambo mbele ya watu wa Ukunda huwezi kurudi nyuma; kila ukitoka kununua sukari utaulizwa, "Chuo vipi?" Nilikuwa na visu, nilikuwa na jiko la gesi la meko mawili, nilikuwa na wanafunzi hata kabla sijawatafuta. Sikuwa na chumba.

Mtaa mzima ulikuwa na chumba kimoja tu ambacho hakikulala mtu wala mbuzi, nacho ni stoo ya chama cha kufaana cha kina mama. Humo ndimo vinamowekwa vyombo vya arusi na matanga: masufuria makubwa ambayo mtoto wa chekechea akiingia humwoni, sinia zilizopangwa zikakaribia mabati, majamvi, miiko mirefu kama makasia. Mtu akifiwa hamwiti yeyote. Majirani huja wenyewe, stoo hufunguliwa, na kabla jua halijapanda sana maji huwa yanachemka juu ya mafiga. Ufunguo wa stoo huvaliwa shingoni na mwenyekiti wa chama. Na mwenyekiti ni wifi yangu.

Hapa inafaa nieleze habari ya wifi yangu na mayai.

Mimi ni mzaliwa wa Jego, nikaolewa hapa. Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, na mtu na wifiye, kwetu, wana ruhusa ya kutaniana mpaka mmoja amzike mwenziwe. Ruhusa hiyo ameitumia vizuri. Alinitania kwa lafudhi yangu, akanitania kwa wembamba wangu, na wembamba ulipokwisha akanitania kwa unene. Yote hayo nilimrudishia. Lakini lipo moja ambalo sijapata kuwa na jibu lake.

Mama mkwe wangu alifariki alfajiri moja katika msimu wa wageni wengi. Nilikuwa nimeshafika kazini, zamu ya asubuhi, kwenye meza ya mayai: wageni hupanga foleni na sahani mkononi, kila mmoja akakaangiwa yai anavyolitaka. Nilipopigiwa simu nilikwenda kuomba ruhusa. Mkubwa wangu wa wakati ule hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza tu, "Marehemu ni nani wako? Ni mama yako mzazi?" Nami, kwa ujinga wa mtu aliyezoea kujibu alichoulizwa, nikasema hapana, ni mama mkwe. Mama mkwe hakuwamo katika orodha yao. Nikarudi kwenye mayai. Nilikaanga mpaka kiamsha kinywa kikaisha, nikaambiwa nisaidie na cha mchana, na nilipofika nyumbani mama alikuwa keshazikwa, sinia zimeoshwa, na wifi ameketi kizingitini. Aliniangalia toka juu mpaka chini, akasema, "Mayai yaliiva?"

Tangu siku ile imekuwa hivyo. Tukiwa arusini: "Mpisheni wifi yangu, awahi mayai yake." Nikichelewa mkutano wa chama: "Msimlaumu, kaacha yai motoni." Watu hucheka, nami hucheka pamoja nao, na kila mara huniuma palepale.

Kwa hiyo nilipokwenda kuomba stoo nilivaa leso mpya na nikabeba mkate wa sinia niliouoka mwenyewe.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Leo umekuja na mkate. Shida yako ni kubwa."

Nikamweleza. Alisikiliza huku akila, na alikula kipande cha pili kabla hajasema neno.

"Na masufuria yangu yakalale wapi?"

"Yabaki papo hapo. Watoto watakaa katikati."

"Watasoma katikati ya vyombo vya matanga?"

"Ndiyo, wifi."

"Haya." Akajipangusa mikono. "Lakini pakitokea msiba au arusi, mlango unafunguliwa na hao wanafunzi wako wanatoka na masufuria. Wapike nasi. Hapo hakuna cha mwalimu wala cha somo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na wewe mwenyewe."

"Na mimi mwenyewe."

Nilikubali upesi mno. Ningeahidi hata kuchimba makaburi, maadamu nipate ufunguo.

Tulianza na wanafunzi kumi na wawili, wasichana wanane na wavulana wanne. Niliwafundisha upishi wa hoteli na kuhudumia wageni, na Jumamosi alikuja fundi wa friji, aliyezifungua friji mbovu za mtaa mzima na mara nyingine akazifunga. Tulijifunza kupanga meza, uma kushoto na kisu kulia, huku sinia sitini zikitutazama kutoka ukutani. Tulijifunza kumkaribisha mgeni kwa Kiingereza. Mvulana mmoja alizoea kuegemea sufuria kubwa, na kila alipojibu swali sauti yake ilitoka humo ndani na mwangwi, darasa likashindwa kuendelea.

Wifi alipita kila asubuhi kuhesabu miiko yake. "Chuo chako hiki," aliniambia, "kinaombea watu wafe." Na kweli, mazoezi makubwa ya wanafunzi wangu yalikuwa kwenye misiba. Mtu akifa, somo linasimama, tunatoka. Mimi pia nilikwenda, kama nilivyoahidi. Nilikuwa nikitafuta kivuli, nikaketi na daftari, nikiwapa alama za usafi wa mikono.

Miongoni mwao alikuwamo binti wa miaka kumi na saba, aliyeacha shule kidato cha pili. Alikuwa mkimya hivi kwamba siku ya kwanza nilimwandika hakuja, kumbe ameketi kati ya sufuria mbili. Mayai yalimshinda kabisa. Kimanda chake kilipasuka kila siku, na akijaribu kukigeuza kilikimbilia ukingoni mwa kikaango. "Yai lako lina majonzi, mwanangu," nilimwambia. Alicheka akiziba mdomo kwa leso.

Nilimtania, lakini moyoni nilikuwa na hofu naye. Dada yake mkubwa alikuwa amekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na simu zake zilikuwa zimeanza kuwa fupi, za kulia. Hata hivyo mama yao, mjane mwenye watoto wengine wanne nyumbani, alikuwa ameshampeleka binti kupiga picha za pasipoti. Wakala alisema umri si neno, umri huandikwa. Niliposikia hayo nilikwenda kwao siku ile ile.

"Nipe muda," nilimwambia mama yake.

"Muda wa mpaka lini, mwalimu?"

"Mpaka Idi."

"Idi ikifika hana kazi, aende?"

"Aende," nikasema, na binti alikuwa amesimama mlangoni, anasikia.

Sikuahidi hewa. Mpishi mkuu wa hoteli yangu ya zamani alianza kazi pale akiosha vyombo upande wa pili wa meza yangu, na alikuwa ameniahidi nafasi moja ya mafunzo ya kazini, atakayefaa angeajiriwa. Alitaka kitu kimoja tu, barua ya serikali kuonyesha kwamba chuo kimesajiliwa. Bila barua, cheti changu kingefaa kufungia njugu. Na barua isingetoka mpaka afisa aje akague. Nilizungusha karatasi zangu kutoka ofisi hii hadi ile, mpaka walinzi wa milangoni wakajua jina la mjukuu wangu. Shaabani ilipoingia nikapigiwa simu: afisa atakuja Jumatano, saa nne asubuhi.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilishona aproni nyeupe kumi na mbili. Niliwafundisha kusimama wima na kusema "karibu sana" kwa pamoja bila kupiga kelele. Nilimpa binti yule kazi ya kuchemsha maji ya chai, nikiomba asikaribishwe kwenye yai.

Jumatano alfajiri spika ya msikiti ikatangaza msiba. Alikuwa ajuza wa nyumba ya tatu kutoka stoo, muuza bajia, ambaye kila mtoto wa mtaa huu alikulia mbele ya karai lake. Saa moja kamili wifi alikuwa mlangoni, na nyuma yake kina mama sita.

"Tumekuja kuchukua vyombo," alisema, "na watoto."

"Wifi, leo tu," nikasema. "Afisa anakuja saa nne. Akikuta darasa tupu ataandika kwamba hakuna chuo, na barua haitoki, na yule binti ataondoka. Unajua habari zake."

"Tulikubaliana."

"Najua."

"Yule bibi amewakaangia wanao bajia toka wako mgongoni."

"Najua, wifi. Leo tu, nakuomba."

Ningependa angenitukana. Wifi yangu ana matusi mazuri, yenye mpango, na mtu akishatukanwa naye huwa amekwisha adhabiwa. Lakini alinitazama, akasema polepole bila utani wowote, "Haya. Kaanga mayai yako." Akawaita wenziwe. Wakayabeba masufuria wenyewe, wanawake wa umri wangu, wawili wawili, mmoja akishika kiuno.

Na niseme ukweli wote, maana umri wangu wa kujipamba umepita. Walipokwisha kuondoka niligeuka nikatazama kile chumba, hakina sufuria, hakina sinia, kuta zimebaki wazi, na kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa furaha. Nilifurahi kwamba sasa kinafanana na darasa.

Afisa alifika juu ya bodaboda, kijana wa bara, suruali ya kubana, tableti kwapani. "Habari yako, mathe," akaniambia. Hata "mama" hakunipa kamili; hakuna shikamoo wala hodi. Nikamhukumu papo hapo. Nikasema moyoni, watu hawa nani angewafundisha adabu.

Tulimwingiza. Wanafunzi walisema "karibu sana" vizuri kabisa. Alihesabu madirisha, akauliza maji yanatoka wapi, akaandika. Aliuliza uma huwekwa wapi, akajibiwa na watu kumi na mmoja. Mambo yalikuwa yakienda, nami nilikuwa nimeanza kupumua, ndipo moshi wa kuni ukaingia dirishani. Ulikuja na sauti za wanawake wakisukumana na kazi: leta maji, shika huku, mwangalieni yule asije akaungua. Afisa akakohoa, akachungulia.

"Mathe, hapo kando kuna nini?"

"Pana msiba."

"Wa leo?"

"Wa leo alfajiri. Jirani."

Akatazama aproni zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine. "Na hawa? Si ni wapishi? Mbona wako huku?"

Nikaanza maelezo marefu kuhusu ratiba. Hakuyasikiliza. Aliwageukia wao. "Nyinyi hamkumjua aliyekufa?"

Kumi na mmoja wakatazama sakafu. Kutoka penye jiko la gesi ikatoka sauti ambayo sikuitambua mara moja.

"Twamjua," binti alisema. "Mwalimu ametukataza."

Hakusema kwa ubaya. Aliulizwa akajibu. Lakini nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja, na yalikuwa haya.

Afisa akaifunga tableti. "Kwetu kukiwa na kilio, hata mahindi hatuvuni," akasema. "Sasa mimi nitakagua nini, na jirani bado yuko ndani hajazikwa? Twende huko kwanza. Hii kazi itangoja."

Watu wa pwani tunajisifu kwa adabu. Tunawaambia wageni kwamba salamu ni zetu, ubinadamu ni wetu, na wa bara wanajua kukimbia tu. Siku hiyo niliongozwa kwenye msiba wa jirani yangu na kijana aliyeniita mathe. Niliona aibu mpaka masikio yakanichemka.

Tulitoka vile vile na aproni zetu. Watoto wa mtaani walipotuona wakadhani ni watu wa chanjo, wakakimbia. Wifi alikuwa ameinama mafigani. Alituona, akainuka. Mimi alinipa kisu na beseni la vitunguu, akanionyesha mkeka wa pembeni wanapoketi wasichana wadogo wasioaminiwa kazi. Binti akapewa mwiko.

"Watu wangapi?" binti akauliza.

"Mia mbili. Na jamaa zake wa Majoreni hawajafika."

Basi nikaona. Binti alitazama maji, akawaambia wavulana wapunguze kuni upande wa upepo. Alipima mchele kwa macho, akautia, akageuza mara moja, akafunika. Mama mmoja mtu mzima alinyoosha mkono kufunua kifuniko, naye akamwambia, "Samahani mama, bado," na yule mama akarudisha mkono. Maji yalipokauka akaitisha makaa, akayapanga juu ya kifuniko, akasogea hatua moja, akasimama akinusa. Hakuwa na saa wala kipimo. Aliyajifunza haya kwenye misiba minne na arusi mbili, mbele yangu, wakati mimi niko kivulini natoa alama za kucha. Nilikuwa nimekaa miezi nikimtania kwa kushindwa kumpikia mtu mmoja, na kumbe alikuwa anaweza kuwapikia mia mbili. Nilimenya vitunguu na machozi yakanitoka, na safari hii sikuhitaji kutafuta sababu ya kuwaambia watu.

Afisa alikwenda mazikoni na wanaume, akarudi viatu vimejaa mchanga. Aliketi jamvini, akala kwenye sinia na watu watano asiowajua, kisha akaomba ukoko. Kina mama wakaulizana kijana huyu ametoka wapi. Saa tisa akanifuata, akafungua tableti yake, tukarudi stoo kumalizia.

"Fomu haina mahali pa kuandika pilau, mathe," akasema, na nikaona kwamba kweli alikuwa amepatafuta. "Nimeandika mafunzo ya vitendo yako sawa. Lakini mna choo kimoja. Wasichana na wavulana lazima vyoo tofauti. Bila hicho barua haitoki."

Sikuwa na nguvu za kuchimba choo, na Idi haikuwa mbali. Ila maneno yale yalisikika nje, na wanaume walikuwa bado hawajaondoka, wameshiba. Kesho yake asubuhi nilikuta shimo limeanza. Wifi alikuwa amesimama juu yake, akiwaambia wachimbaji kwamba jana waliliwahi sinia kuliko leo walivyoliwahi jembe. Kwangu hakugeuka.

Barua ilikuja kumi la mwisho la Ramadhani. Nilimchukua binti nikampeleka hotelini mwenyewe, njia nzima nikimwambia asiogope, mpaka akaniuliza kama mimi ninaogopa. Mpishi mkuu alimpa kikaango na mayai mawili. Binti alikuwa amefunga, hakuweza kuonja hata chumvi. Kimanda kikapasuka katikati, kikakimbilia ukingoni kama kawaida yake. Mpishi mkuu alinitazama. Nikatazama dari.

"Basi, binti," akamwambia, "ni nini unachojua?"

Naye akamwuliza, "Mna watu wangapi?"

Jiko la wafanyakazi lilikuwa limeelemewa mwezi ule, wenye kufunga wanataka futari, wasiofunga wanataka chakula cha mchana. Alipewa futari ya siku hiyo. Magharibi ilipoadhiniwa, wahudumu, walinzi na watu wa bustani walikula wakanyamaza, na kule hotelini kunyamaza ni jambo kubwa. Siku ya Idi mama yake aliniletea biskuti sahani nzima. Picha za pasipoti zipo mpaka leo, zimebandikwa kwenye kioo cha kabati lao, na nimeambiwa ametoka vizuri.

Ningeweza kuishia hapo, lakini wifi asingenisamehe, maana bado hajasemwa yeye.

Miezi kadhaa baadaye akafariki mzee wa kibanda cha maji, njia ya kwenda msikitini. Saa mbili asubuhi nilikuwa natoa sinia na wanafunzi wapya. Simu ikalia. Alikuwa mpishi mkuu.

"Shikamoo, mwalimu. Binti yako huku ataka ruhusa ya mazishi. Bado yuko kwenye majaribio, na leo tuna wageni wa mkutano. Nimemwuliza marehemu ni nani wake, asema ni jirani. Mwalimu, jirani hayumo kwenye orodha."

Nilisimama na sinia mkononi. Nilijua maana ya majaribio. Akiondoka siku yenye wageni, ataandikwa. Akiandikwa, huenda kazi ikaenda. Na kabati la kwao bado lilikuwa na zile picha. Ningeweza kumwambia mpishi mkuu, mwambie abaki, nitamwombea radhi kwa watu. Angenisikia. Hata binti angenisikia.

"Ni wake," nikasema.

"Wake kivipi?"

"Kama mama mkwe wangu alivyokuwa wangu. Siku ile ulikuwapo. Ulikuwa unaosha vyombo."

Nilisikia sahani nyuma yake, zile sauti nilizozijua. Alikuwa kijana mdogo siku ile, na bila kuulizwa alikuja akasimama karibu yangu, akawa ananivunjia mayai bakulini, mimi nikigeuza tu. Hatukuwahi kulizungumza.

"Wali wa wafanyakazi akishautia makaa," akasema hatimaye, "nitamtoa. Kesho awahi."

Alifika saa tano na nusu, bado amevaa kofia ya hoteli. Kesho yake aliwahi, na yuko pale hata sasa. Lakini siku hiyo alikuja moja kwa moja mafigani, akaamkia watu, akauliza ni wangapi. Wifi akampa mwiko.

Kisha wifi akaja akaketi nami mkekani, kwenye beseni la vitunguu, mahali pa wasioaminiwa kazi. Alikuwa amesikia habari ya simu. Wanafunzi wangu hawana siri. Alichukua kisu akamenya kitunguu kimoja, akamenya cha pili. Nilijua linakuja. Hotelini, mazishi, ruhusa, wageni wa mkutano, yote yalikuwa yamepangwa mbele yake, na hata mimi nilikuwa nimeshaanza kutengeneza uso wa kucheka.

Nikangoja la mayai.

Wifi alinisogezea vitunguu vya upande wake. "Menya upesi, wifi," akasema. "Watu watatoka makaburini na njaa."